Nyuzi Moja na Ushee

Uliona, ukapita. Usinibishie. Gazeti lilikuwa mezani kwako, picha ya Profesa Penhallow imejaa nusu ukurasa, anacheka kama mtu aliyemshika kambale kwa mkia. Ukasoma kichwa cha habari: wataalamu wa Manchester wamelaza karatasi mbili za kaboni, wakaizungusha moja juu ya nyingine kidogo tu, umeme ukapita bila kizuizi. Ukasema, "Ajabu," ukageukia kurasa za mpira. Hukuuliza nani aliyezungusha. Na pembeni kushoto mwa picha ile kuna mkono, umeshika kibano, kidole gumba kimefungwa plasta, umekatwa na ukingo wa picha hapo kwenye kiwiko. Ulidhani mkono huo umeota wenyewe?

Mimi nilikuwa chumba cha pili. Naitwa Shekue, kazi yangu pale chuoni ni mabomba: nitrojeni, heli, hewa. Miaka thelathini na mbili nafunga na kufungua koki za jengo lile, na kumi na tisa katika hiyo ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Fizikia sikufundishwa darasani. Nimeiokota katika majarida wanayoyatupa, na nyingine nimeipata kwa Glenys Hoyle, mezani pa chai. Na mimi sisahau. Nakumbuka nani alilichomelea tangi la heli mwaka tisini na sita, na nani alipigwa picha nalo.

Glenys ndiye mwenye mkono ule. Mama wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Oldham, miwani inaning'inia shingoni kwa mnyororo, mkobani hamkosi sufu na sindano za kufumia. Mama yake na bibi zake wote wawili walifanya kazi viwanda vya pamba. Viwanda vimegeuzwa fleti za matajiri, lakini mikono haikugeuzwa kitu kingine. Glenys humwita kila mtu "mpenzi": dereva wa basi, polisi, Profesa. Kwao ni adabu tu, usifikirie mengine.

Siku niliyomuuliza hiyo karatasi ya kaboni wanayoiita grafini ina maana gani, alinielekeza dirishani kwa kijiko cha chai. Dirisha la chumba chetu cha chai lina mapazia mawili ya wavu. La kwanza lilitoboka, tukaomba jipya, utawala ukatuletea jingine lililotoboka tulitundike juu yake.

"Shekue, mpenzi, unaona nini pale?"

"Naona pazia bovu limefunikwa na pazia bovu."

"Hiyo siasa yako. Tazama kwa macho, usitazame kwa chama."

Akainuka, akalivuta pazia la mbele kwenye pembe, kidogo kama unavyomrekebisha mtoto kola. Mara juu ya vile vitundu vidogo yakatokea mawimbi, madoa makubwa ya mviringo, yamepangana dirisha zima. Akavuta zaidi, madoa yakawa madogo. Akarudisha, yakakua, yakapotea.

"Kila pazia lina vitundu vyake, vidogo," alisema. "Ukiyalaza sawasawa huoni kitu. Ukilizungusha moja kidogo, linazaliwa umbo la tatu ambalo halimo katika hili wala lile. Bibi yangu aliliona kwenye hariri kabla maprofesa hawajazaliwa. Sasa grafini ndiyo hivyo hivyo, pazia la atomi, unene wake atomi moja. Ikiwa peke yake, elektroni zinakimbia humo kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Hakuna anayemtazama mwenzake. Weka mbili, izungushe ya juu nyuzi moja na ushee, hapo hasa, na yale madoa makubwa yanazipunguza mwendo. Zikienda polepole zinaanza kuonana. Zikionana zinasikilizana."

"Zinaunda chama," nikasema.

"Nilijua utafika huko."

"Na ukizungusha nyuzi tano?"

"Kila mtu na lake. Zinapita mbio kama kawaida."

"Na ukiacha sifuri?"

"Zimelala tu ubavu kwa ubavu, kama mimi na marehemu Ronnie. Raha mustarehe, lakini hakuna jipya. Kunywa chai yako."

Basi hiyo ndiyo siri ya dunia nzima ya kitu hiki: nyuzi moja na ushee. Lugha yetu imebarikiwa, pembe inapimwa kwa nyuzi na sweta inafumwa kwa nyuzi. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Kuifanya ni kazi ya mkono. Unachukua madini yaleyale ya kwenye penseli, unayabandika kwenye utepe wa gundi, ule wa kufungia zawadi, unakunja na kubandua, unakunja na kubandua, mpaka juu ya kigae kidogo unabaki na kipande cha unene wa atomi moja. Hapo unakipasua kati. Nusu unainyanyua kwa kigae kingine chenye nta ngumu, nusu unaiacha chini. Kwa kuwa zote zimetoka katika kipande kimoja, unajua kwa hakika zilikuwa zimeelekea upande mmoja. Ndipo unazungusha kigurudumu cha mashine, unaishusha nusu ya juu juu ya mwenzake, unazipasha moto zishikane. Yote hayo chini ya hadubini, katika kijichumba kinachoenea mtu mmoja na roho yake. Mtu huyo alikuwa Glenys.

Nje ya mlango alikaa Daktari Piers Wetherby, miaka ishirini na tisa, digrii tatu, viatu vya baiskeli vinavyolia ka, ka, ka sakafuni. Kijana mstaarabu, simsingizii. Anashikilia mlango, anaosha kikombe chake. Kazi yake ilikuwa kupima umeme wa vipande baada ya mimi kuvipa heli ya kuvipoza hadi karibu na baridi ya mwisho inayowezekana duniani. Kipimo kile ndicho humwambia pembe imekuwa ngapi. Kipimo kikisema moja nukta moja, Piers huandika kwenye kompyuta: mashine iliwekwa nyuzi 1.1. Hakuwahi kumuuliza Glenys aliweka ngapi. Angeulizaje? Kwake yeye hilo lilikuwa swali la mashine.

Glenys naye aliandika. Alikuwa na daftari dogo la buluu, na humo aliandika kwa lugha aliyoijua tangu ana miaka sita: fuma mbili, geuza, ongeza robo, rudi moja, acha itulie.

Kipande cha kumi na saba ndicho kilichotoa mambo. Kilikuwa na vioja kama mjumbe wa bodi. Ukizipanga elektroni kwa idadi fulani, kinagoma kupitisha umeme. Ukizipunguza chembe, kinapitisha wote, hakidai kitu. Piers alitoka mbio na karatasi ya grafu, viatu vinalia.

"Ukinzani umekwisha," akaniambia. "Sifuri kabisa."

"Jengo hili ukinzani uliisha zamani," nikamjibu. "Niulize mimi ninayekusanya saini."

Wakanywa divai ya moto kwenye vikombe vya plastiki. Glenys alikuwa amekaa pembeni anafuma, kila apitaye anamwambia, "Hongera, mpenzi," kana kwamba wao ndio waliojifungua.

Baada ya wiki tatu rasimu ya makala, iliyokwisha kutumwa jaridani, ikabandikwa ubaoni tuisome. Majina kumi na moja juu, la Profesa la mwisho, maana kwao mkubwa hukaa nyuma kama nahodha. Mimi huanza kusoma chini. Herufi ndogo ndiko wanakowazika watu. Nikasoma, nikaibandua, nikaenda nayo chumba cha chai.

"Wamekushukuru," nikamwambia Glenys.

"Vizuri."

"Wamemshukuru G. Boyle kwa msaada wa kiufundi."

Akavaa miwani. Akasoma polepole. "Boyle yule wa gesi?"

"Alikufa miaka mia tatu iliyopita."

"Basi atafurahi. Siku hizi wanamsumbua wanafunzi tu."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikaona sindano zimesimama mkononi. Kwa miaka yote niliyomfahamu, Glenys hufuma akicheka, hufuma akilia. Siku ya maziko ya Ronnie alimaliza soksi.

"Mama alifuma vitambaa miaka thelathini na minne," alisema. "Kwenye kila jora lilipigwa muhuri wa jina la mwenye kiwanda. Hakulalamika. Mimi nilitaka mara moja tu, Shekue. Herufi tano. Sitaki picha, sitaki divai yao, ni mbaya. Herufi tano, ziwe zangu."

"Naitisha mkutano leo."

"Huitishi kitu."

"Glenys."

"Ukiitisha watakuwa wanakutazama wewe, mpenzi. Huwa wanakutazama wewe. Niache niende likizo."

Akaenda Fleetwood, pwani, kwa dada yake, wiki mbili. Akaniachia kazi ngumu kuliko zote, ya kunyamaza.

Hakumaliza siku tatu huko, waamuzi wa jarida wakaandika. Makala nzuri, walisema, lakini kipande kimoja ni bahati. Leteni cha pili, mnazo siku ishirini na moja. Profesa akamwambia Piers aingie kijichumbani. Si utepe, kigae na kigurudumu? Digrii tatu zitashindwa na utepe?

Cha kumi na nane akaweka nyuzi 1.1 kama ilivyoandikwa. Kipimo kikasema sifuri nukta tisa, na umeme ukapita kama kawaida na ukinzani wake, kama bomba la mvua, hauna habari. Cha kumi na tisa, sifuri nukta nane. Cha ishirini kilijaa mapovu. Cha ishirini na mbili karatasi zilirudi zikalala sawasawa kabisa, kama hazijawahi kutenganishwa, na Piers akakaa chini ukutani, viatu vimenyamaza.

Siku ya tisa akaja kwangu. "Shekue, samahani. Heli yako haiwezi kuwa chafu?"

"Heli yangu ni safi kuliko dhamira ya jengo hili."

"Nimeuliza tu."

"Nami nimejibu tu. Umetafuta daftari la Glenys?"

"Ana daftari?"

"Droo ya juu. La buluu."

Akaenda. Baada ya nusu saa akarudi mikono mitupu, uso umejaa huruma. "Lilikuwa la sweta," akasema. "Fuma mbili, ongeza, geuza. Nadhani anamfumia mjukuu. Nimelitia kwenye bahasha nikampelekea Fleetwood, asije akakwama katikati."

Akabandika na stempu. Kwa fedha yake, kijana yule mstaarabu, aliifunga siri ya maabara nzima kwenye bahasha akaisafirisha pwani. Na mimi nilijua. Sikusema. Katika karatasi zote wanazonijazisha, hakuna kisanduku kilichoniuliza.

Glenys alirudi Jumatatu na pipi ngumu za ufukweni za kugawa, daftari mkobani. Saa nne kasoro Profesa Penhallow akaingia chumba cha chai. Miaka kumi na moja hakuwahi kukanyaga mle. Alifungua kabati la fagio akitafuta vikombe.

"Glenys," akasema, "tulikuwa tunatamani utuonyeshe unavyofanya."

"Nimeonyesha mara kumi na saba, mpenzi. Mlango haukuwa na kufuli."

"Bila shaka. Piers angependa kusimama nyuma yako safari hii."

"Avue viatu. Vinatikisa meza."

Basi wakaingia wawili kwenye chumba cha mtu mmoja, Piers na soksi zake, na mimi mlangoni nimeshika spana, maana katibu lazima awe na sababu ya kuwa mahali. Glenys akapasua kipande, akanyanyua nusu, akaanza kuzungusha. Kigurudumu kikafika moja nukta moja, kikapita. Kikafika moja na nusu.

"Umepitiliza," Piers akanong'ona.

"Ndiyo." Akarudisha taratibu mpaka moja na robo, akaacha. "Kigurudumu hiki kimelegea tangu kilipoangushwa kwenye lifti mwaka wa mafuriko. Ukikijia kutoka chini kinakudanganya. Pita kwanza, halafu rudi, kila siku upande uleule. Fuma, geuza, rudi moja. Sasa tunakunywa chai, itulie."

"Lakini hiyo ni moja na robo. Sisi tunataka moja nukta moja."

Glenys akamgeukia, akamtazama juu ya miwani. "Umewahi kufua sweta ya sufu, mpenzi?"

"Mara moja."

"Ikawaje?"

"Ilirudi. Mama alimvalisha mbwa."

"Sufu hurudi. Ndiyo maana mfumaji mwenye akili hufuma kubwa. Na hizi hurudi. Ukizipasha moto zishikane, ya juu inakumbuka kwao. Inataka kulala sawasawa na mwenzake kama walivyozaliwa, inajiviringisha kurudi. Unayemtaka moja na ushee, mwanzishie moja na robo, umwachie nafasi ya kukumbuka kwao kidogo. Wewe umewaweka hasa pale unapowataka, wakaenda zao."

Piers alikitazama tena kigurudumu. Masikio yamekuwa mekundu. "Ongeza robo," akasema mwishowe. "Iliandikwa. Niliisoma. Nikaitia kwenye bahasha."

"Na barua nzuri umeandika. Dada yangu ameibandika kwenye friji."

Alhamisi kipande cha ishirini na saba kilikuwa ndani ya heli yangu safi. Moja nukta sifuri nane. Umeme ukapita bila kudaiwa nauli.

Ijumaa Profesa akaja tena chumba cha chai, safari hii na maua, na vikombe alivijua viko wapi. Akasema amelisahihisha lile kosa kwenye shukrani. Boyle ameondoka, Hoyle ameingia.

"Asante kwa maua," Glenys akasema. "Lakini makala yako ni ya uongo, mpenzi."

Hata birika lilijizima.

"Sehemu ile ya namna ya kufanya. Mmeandika mashine iliwekwa 1.1. Mtu wa Osaka akiifuata atapata sweta ya mbwa. Ataharibu mwaka mzima, halafu atasema nyinyi ni waongo, na atakuwa amesema kweli."

"Tutarekebisha. Tuambie tu, Piers ataandika."

"Hapana. Nimeshaiandika." Akatoa mkobani kurasa mbili, mwandiko wa shule ya masista, hakuna hata neno moja la kufuma. Pembe ya kuanzia, ulegevu wa kigurudumu, joto, muda wa kusubiri, kiasi cha kurudi kwa vipande vyote kumi na saba na kile cha juzi. Jedwali limepigwa kwa rula. "Iingie kama ilivyo."

Nikakohoa. Nilikuwa nimesubiri wiki tatu kukohoa. "Profesa, masharti ya jarida, kifungu cha pili, herufi ndogo. Aliyebuni njia ya kazi na akaiandika ni mwandishi. Hashukuriwi. Anaandikwa juu."

Profesa alinitazama kama mvua iliyopenya darini. Nakiri niliufurahia ule mtazamo. Ila aliyeamua hakuwa mimi. Piers, aliyekuwa mlangoni kwa soksi, maana siku hizi alivua viatu kila akaribiapo Glenys, akasema, "Mimi sitasaini toleo lisilo na jina lake. Na jina langu ndilo la kwanza." Sauti ilimtetemeka. Nimeshaona migomo mikubwa iliyoanza kwa sauti ngumu zaidi na kuishia kwenye sambusa. Huu ulishinda kwa sentensi mbili.

Profesa akakaa. Akatoa kalamu. Akauliza, kwa unyonge wa kweli, na hilo nitamhesabia, "Naliandikaje?"

"G," akasema Glenys. Akaziokota sindano zake, zikaanza kwenda. "Halafu zinafuata tano. Nitakutajia polepole."

Majina sasa ni kumi na mawili. Lake ni la saba. Nilinuna, nikasema angekuwa wa pili. "Saba si mbaya," aliniambia. "Ndipo katikati ya sweta, hapalegei." Nakala iliyochapishwa ameipeleka makaburini Oldham, akamsomea mama yake ukurasa wa kwanza tu. Ule wa hesabu ungemchosha.

Lakini gazeti lako halikuandika habari hiyo. Lilipiga picha, likaukata mkono kwenye kiwiko, na wewe ukageukia mpira. Sasa inuka. Sisemi kesho, sisemi ukimaliza chai. Hapo ulipo, ofisini, jikoni, karakana, yuko mtu anayejua sufu hurudi kiasi gani, nawe unamwita "yule mama" au "fundi." Mfuate sasa hivi. Muulize jina lake herufi kwa herufi. Kisha chukua kalamu uliandike, na usiliandike chini.